Wi-Fi ikitoweka baada ya kusasisha kipakatalishi, usikimbilie kuifuta mashine

KARANI wa usafirishaji katika kiwanda cha nguo huko EPZ Athi River hana nafasi ya kuzubaa. Kontena ikishafungwa, stakabadhi zake hazina budi kuitangulia bandarini Mombasa: ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa na maelezo ya forodha. Takriban shughuli hizi zote hufanyika mtandaoni, kupitia mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) na dirisha moja la kielektroniki linalosimamiwa na shirika la KenTrade.

Hebu mfikirie karani wa aina hiyo akiwasha kipakatalishi chake asubuhi na kukuta kwamba alama ya Wi-Fi iliyozoea kukaa pembeni mwa skrini haipo. Jana yake jioni mashine ilikuwa nzima. Jambo pekee analokumbuka ni kwamba alipokuwa akiizima, ilimtaka asubiri kidogo ikamilishe kusasisha programu zake.

Kinachofuata katika ofisi nyingi hujulikana. Mmoja atailaumu kampuni inayouza intaneti. Wa pili atasema kadi ya Wi-Fi imeungua na kwamba dawa ni kununua mashine nyingine. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, atapendekeza kipakatalishi kipelekwe kwa fundi mjini ili diski ifutwe na Windows iwekwe upya. Huku wakibishana, saa zinayoyoma na kontena inasubiri.

Ukweli ni kwamba hitilafu ya namna hii aghalabu haihitaji ununuzi wala ufutaji wowote. Kilichoharibika si kipakatalishi bali ni programu moja ndogo iliyobadilishwa usiku, na mara nyingi tiba yake ni kurudi hatua moja nyuma. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa anayejua pa kubofya.

Athi River ya nyaya na ya mawimbi

Eneo la EPZ lililo katika Kaunti ya Machakos ni tunda la sheria iliyopitishwa mwaka wa 1990 kwa lengo la kuvutia viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa nje ya nchi. Viwanda vya nguo vilishamiri hasa baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka wa 2000, iliyozifungulia bidhaa za Afrika soko lake bila ushuru.

Miaka hiyo ya mwanzo, intaneti nchini ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na ya kujikokota, na kompyuta za ofisini zilikuwa kubwa, zimetulia mezani, zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Mambo yalibadilika mwaka wa 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Leo, karani hubeba ofisi yake begani, na vipakatalishi vingi vyembamba vya siku hizi havina hata tundu la kuchomekea waya wa mtandao. Wi-Fi ikikatika, mlango mkuu umefungwa.

Mkalimani aliyebadilishwa usiku

Ndani ya kila kipakatalishi mna kadi ndogo inayopokea na kutuma mawimbi ya Wi-Fi. Kadi hizi hutengenezwa na kampuni mbalimbali zikiwemo Intel, Realtek, Qualcomm na MediaTek, na kila moja ina lugha yake. Windows haizifahamu lugha hizo zote. Kwa hivyo kila kadi huandamana na programu ndogo iitwayo kiendeshaji, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Kazi yake ni ya mkalimani: kupokea amri za Windows na kuifikishia kadi kwa lugha inayoielewa, kisha kurudisha majibu.

Kampuni husasisha viendeshaji hivi mara kwa mara ili kuziba mianya ya usalama au kuongeza kasi. Toleo jipya huweza kuletwa na Windows yenyewe, au na programu ya kampuni iliyounda kipakatalishi. Mara nyingi mabadiliko hupita bila mtumiaji kutambua. Hata hivyo, mambo huweza kwenda mrama. Kiendeshaji kinaweza kuwa na kasoro ambayo waundaji hawakuiona. Kinaweza pia kuwa kizima lakini kisioane na kadi iliyomo, kwa kuwa vipakatalishi vya modeli moja huweza kuuzwa vikiwa na kadi tofauti. Aidha, umeme ukipotea au betri ikiisha katikati ya shughuli, kazi hubaki nusunusu.

Hata kampuni kubwa huteleza. Mnamo Desemba 2023, Microsoft ilikiri kwamba masasisho yake ya Windows 11 ya mwezi huo yalizifanya baadhi ya kompyuta kushindwa kuunganishwa na mitandao fulani ya Wi-Fi. Waathiriwa walikuwa hasa watumiaji wa mitandao ya ofisi, vyuo na maeneo ya umma, ambayo humtaka kila mtumiaji ajitambulishe kwa jina na nywila yake. Mitandao ya nyumbani haikutarajiwa kuathiriwa. Suluhisho la Microsoft lilikuwa lile lile: kuyabatilisha mabadiliko yaliyoleta balaa.

Tukio hilo lina funzo kwa mfanyakazi wa Athi River. Kipakatalishi kinaweza kufanya kazi barabara nyumbani Kitengela au Mlolongo, kisha kikagoma ofisini. Hali kama hiyo haithibitishi kwamba mtandao wa ofisi ni mbovu.

Kumtambua mkosaji

Kabla ya kugusa chochote, ni muhimu kujua kosa liko wapi. Kipimo cha kwanza ni simu. Iunganishwe na Wi-Fi ile ile ya ofisi, data ya laini yake ikiwa imezimwa, kisha ifungue ukurasa wowote. Ikiwa simu na kompyuta za wenzake karani pia hazipati intaneti, tatizo liko kwenye ruta au kwa mwenye kuuza huduma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, hakuna kiendeshaji cha kulaumiwa.

Ikiwa simu inafanya kazi na ni kipakatalishi kimoja tu kinachogoma, hatua inayofuata ni kuangalia kama hali ya ndegeni imewashwa kwa bahati mbaya. Baadhi ya vipakatalishi vina kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara wa mawimbi katika safu ya juu ya kibodi, na kidole kinachoteleza huweza kukibonyeza. Mashine nyingine za zamani zina swichi ya Wi-Fi ubavuni.

Baada ya hapo, mashine izimwe na kuwashwa kwa njia sahihi. Wengi hawafahamu kwamba katika Windows 10 na Windows 11, kuchagua 'Shut down' mara nyingi hakuisafishi mashine kikamilifu, kwa sababu Windows huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka. Anayetaka mashine ianze upya kwa hakika achague 'Restart'. Kuna hitilafu ambazo huishia hapo.

Ushahidi wa mwisho ni tarehe. Katika mipangilio ya Windows, chini ya 'Windows Update', mna historia inayoonyesha kila sasisho na siku lilipowekwa. Ikiwa kiendeshaji cha kadi ya Wi-Fi kiliwekwa jana na matatizo yakaanza leo, mshukiwa amepatikana.

Kurudi hatua moja nyuma

Windows inapobadilisha kiendeshaji, kwa kawaida huhifadhi kile cha zamani. Kukirejesha hufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, mtumiaji abofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows iliyo chini ya skrini. Katika orodha itakayojitokeza, achague 'Device Manager'. Hapo ataona orodha ya vifaa vyote vilivyomo ndani ya mashine.

Pili, afungue kifungu cha 'Network adapters' na kutafuta jina lenye neno Wi-Fi, Wireless au tarakimu 802.11. Pembetatu ya manjano kando ya jina hilo ni ishara ya hitilafu. Akibofya jina hilo mara mbili, dirisha dogo litafunguka na kueleza hali ya kadi. Maelezo yenye nambari 10 humaanisha kwamba kadi imeshindwa kuanza kazi, na nambari 43 kwamba Windows imeisimamisha kwa kuwa imeripoti matatizo. Nambari hizi zisimtie mtu hofu, kwani huweza kutokana na kiendeshaji kibovu hata kama kadi yenyewe ni nzima.

Tatu, katika dirisha hilo hilo aende sehemu ya 'Driver'. Aandike kwenye karatasi tarehe na nambari ya toleo lililomo, kisha abofye 'Roll Back Driver'. Windows itamuuliza sababu. Achague yoyote iliyo karibu na ukweli, akubali, kisha aianzishe mashine upya.

Mara nyingi, alama ya Wi-Fi hurudi mahali pake. Mafaili, barua pepe na programu nyingine hazijaguswa.

Kitufe kikiwa kimefifia

Wakati mwingine kitufe hicho huwa kimefifia na hakibofyeki. Maana yake ni kwamba Windows haina toleo la awali ililolihifadhi. Hata hapo, njia hazijaisha.

Katika dirisha lile lile mna 'Update Driver'. Licha ya jina lake, kitufe hiki kinaweza kutumiwa kurudi nyuma. Mtumiaji achague kutafuta ndani ya kompyuta yenyewe badala ya mtandaoni, kisha aombe aonyeshwe orodha ya viendeshaji vilivyopo. Ikiwa kuna zaidi ya kimoja, achague chenye tarehe ya zamani zaidi.

Njia nyingine ni kukiondoa kiendeshaji kwa kuchagua 'Uninstall device', kisha kuianzisha mashine upya. Windows itaitambua kadi kama ngeni aliyefika leo na kuitafutia kiendeshaji miongoni mwa vile ilivyo navyo. Wakati wa kuondoa, huulizwa kama kiendeshaji nacho kifutwe kabisa. Asiyekuwa na kingine mkononi asiharakishe kukubali. Mwenye nacho akubali, la sivyo kile kibovu kitarejeshwa.

Hapa ndipo wengi hukwama: kiendeshaji kizuri kinapatikana mtandaoni, ilhali mtandao ndio umekosekana. Simu ya mkononi hulitatua fumbo hili. Simu ya Android ikiunganishwa na kipakatalishi kwa waya wake wa USB, na katika mipangilio yake ikaruhusiwa kugawa intaneti kupitia waya huo, kipakatalishi hupata mtandao bila kuitumia kadi ya Wi-Fi hata kidogo. Wingi wa data inayohitajika si mkubwa. Kwa karani mwenye haraka, njia hii ina faida nyingine: anaweza kutuma stakabadhi zake kwanza, kontena iondoke, kisha akarudi kutibu Wi-Fi kwa utulivu.

Asiyekuwa na simu ya namna hiyo anaweza kumwomba mwenzake apakue kiendeshaji kwenye kompyuta nyingine na kukihamisha kwa flashi. Kiendeshaji kichukuliwe kutoka kwa tovuti rasmi ya kampuni iliyounda kipakatalishi, kwa kutumia jina kamili la modeli au nambari iliyobandikwa chini ya mashine. Programu zinazojitangaza mtandaoni kwamba zitarekebisha viendeshaji vyote kwa mpigo ni za kuepukwa, kwani baadhi yake huleta maradhi mabaya kuliko yaliyokuwapo.

Yote yakishindikana, Windows ina huduma iitwayo 'System Restore', inayoirudisha mashine katika hali iliyokuwa nayo siku fulani, mradi huduma hiyo iliwashwa mapema. Nyaraka za mtumiaji hazifutwi, ingawa programu zilizowekwa baada ya siku hiyo huondolewa. Kuna pia huduma ya kuuanzisha upya mfumo mzima wa mtandao, lakini hiyo iwe ya mwisho kwa kuwa husahau kila Wi-Fi na kila nywila ambayo mashine iliihifadhi.

Ikiwa kadi haionekani kabisa katika orodha hata baada ya hatua hizi, hapo ndipo shaka kuhusu kadi yenyewe huwa na msingi, na fundi anahitajika.

Hasara ya kufuta

Kufuta diski kunapendwa kwa sababu moja: fundi hahitaji kujua chanzo cha tatizo. Gharama yake humwangukia mwenye mashine. Hesabu za mishahara, orodha za wafanyakazi, oda za wateja na barua za miaka mingi huweza kupotea kwa alasiri moja, hasa ambako hakuna nakala za akiba.

Isitoshe, kipakatalishi cha kiwanda hubeba siri za watu wengine. Kompyuta ya idara ya wafanyakazi huwa na nambari za vitambulisho, akaunti za benki na pengine taarifa za afya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtwika anayehifadhi taarifa za aina hiyo jukumu la kuzilinda. Kukabidhi mashine kama hiyo, pamoja na nywila yake, kwa kibanda chochote cha kurekebishia kompyuta ni kucheza na moto.

Jambo jingine ni ufunguo wa BitLocker. Vipakatalishi vingi vya siku hizi huifunga diski kwa siri ili mwizi asiweze kuisoma, na baada ya mabadiliko fulani mashine huweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Ni vyema mwenye mashine ajue mapema ufunguo huo umehifadhiwa wapi. Kwa mashine ya kampuni, aghalabu huwa kwa afisa wa teknolojia. Afisa huyo pia ndiye wa kuombwa ruhusa, kwani katika viwanda vingi mfanyakazi wa kawaida hawezi kubadilisha kiendeshaji bila idhini.

Kusitisha kwa muda, si kususia

Wi-Fi ikisharudi, hatari haijaisha. Windows inaweza kukileta tena kiendeshaji kile kile kibovu. Kwa sababu hiyo, kuna kitufe cha kusitisha masasisho kwa muda usiozidi wiki tano. Muda huo mara nyingi hutosha kwa kampuni husika kuirekebisha kasoro yake.

Wapo wanaoumwa mara moja na nyoka kisha wakashtuka kwa ukuti: huyazima masasisho daima. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi duniani na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba mwanya huo tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakulipokea. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mashine ya Windows 10 akumbuke kwamba Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa mfumo huo Oktoba 14, 2025.

Njia ya wastani ni kujaribu kwanza. Ofisi yenye vipakatalishi 40 inaweza kuruhusu viwili au vitatu visasishwe, ikavitazama kwa siku kadhaa, ndipo vingine vifuate. Umuhimu wa utaratibu huu ulionekana Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa siku moja. Safari za ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikatatizika. Hakukuwa na mdukuzi wala kirusi. Kulikuwa na faili moja yenye kosa, iliyotumwa kwa kila mtu kwa wakati mmoja.

Maandalizi mengine ni ya gharama ndogo. Flashi moja yenye viendeshaji vya Wi-Fi vya kila modeli iliyomo ofisini, ikihifadhiwa kwenye droo. Kifaa kidogo cha kuunganisha waya wa mtandao kupitia tundu la USB, kwa mashine zisizokuwa na tundu lake. Daftari la kuandika tarehe ya kila badiliko. Na kanuni moja ya busara: masasisho yasiruhusiwe jioni ya kuamkia siku ya kusafirisha mzigo.

Karani aliyepoteza Wi-Fi asubuhi hana haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anahitaji kupima kwa simu, kusoma tarehe, kutuma stakabadhi zake kupitia waya wa USB, kisha kumrejesha mkalimani wa zamani kazini. Akifanya hivyo, kontena yake itakuwa njiani kuelekea Mombasa hata kabla ya wenzake kukubaliana ni nani wa kulaumiwa.